Mwongozo wa Kulala Chini ya Gari Kibagabaga na Kuamka Salama

Ukitoka sokoni Kimironko, hapa Kigali, gari linanyamaza, kwa kuwa lami ni nzuri. Kata kona uingie mitaa ya Kibagabaga: kwanza mawe yaliyopangwa, halafu udongo mwekundu unaoshuka bondeni, na juu yake mifereji ambayo mvua za Machi hadi Mei huikata katikati ya njia bila kuomba ruhusa ya mtu. Hapo gari linaanza kusema: ko, ko, ko, upande wa kulia mbele. Na dereva, mtu mzima mwenye familia, anaongeza sauti ya redio. Redio ndiyo dawa ya kwanza ya saspensheni katika kilima hiki, na ni dawa ya mjinga.

Mwongozo huu ni wa yule aliyezima redio. Ni wa mtu mwenye ua, mwenye siku moja ya mapumziko, mwenye Corolla au Carina au RAV4 ya zamani, anayetaka kuingia mwenyewe chini ya gari lake na kutoka akiwa mzima. Nitawacheka watu humu ndani, tena nitawacheka waziwazi, kwa sababu kuna mambo yanafanyika chini ya magari ambayo yakiachwa bila kuchekwa yataua mtu. Lakini kila nati ninayokwambia ukaze, ikaze.

Tujue kwanza tunatengeneza nini. Springi hubeba uzito wa gari na kumeza pigo la shimo. Ikishameza, inataka kutema: ikiachwa peke yake italirusha gari juu chini, juu chini, mpaka nguvu iishe. Shokapu ndiyo inayosema basi. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye matundu na vali ndogondogo. Mafuta yanapata moto, na ule mrusho wote unaishia kuwa joto. Gusa shokapu ya gari lililotoka kupanda barabara ya mawe, utaikuta ina uvuguvugu. Hiyo ni shokapu iliyofanya kazi. Iliyokufa utaikuta baridi, na tairi yake imechongeka mabonde mabonde, maana badala ya kukanyaga ardhi ilikuwa inaruka. Tairi iliyo hewani haina breki wala usukani. Kwenye tambarare unaweza kulisamehe jambo hilo kwa siku chache. Kwenye mteremko wa Kibagabaga, saa moja asubuhi, watoto wakielekea shule pembeni mwa njia, halisameheki hata kwa dakika moja.

Na kwa nini kelele inapenda kulia mbele? Rwanda tunapita kulia. Ukingo wa kulia ndipo lami inapomeguka, ndipo mitaro ilipo, ndipo unapopanda ukingo ukimpisha mwenzako kwenye njia nyembamba. Uzito wa injini nao uko mbele. Kwa hiyo ukianza kutafuta, anza hapo.

Sasa mahali pa kazi. Kupata eneo tambarare Kibagabaga ni kugumu kuliko kubadilisha bushi. Wengi wetu tuna ua wa pave uliojengwa kwa mteremko ili maji ya mvua yatoke, na macho huzoea mteremko mpaka yanauona ni tambarare. Usiyaamini macho. Laza chupa ya maji chini, uiachie. Ikibingirika, tafuta mahali pengine. Barabara iliyo nje ya geti haifai kabisa: ina magari, ina mteremko, na ina wapita njia wenye ushauri.

Kuhusu siku, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ina umuganda, na kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi nafasi yako ni pamoja na majirani, jembe mkononi. Jumapili ya Car Free Day, utaratibu ulioanza mwaka 2016, inafaa sana, kwa kuwa barabara kuu kadhaa zimefungwa asubuhi na huna pa kulikimbizia gari. Ila vipuri vyote viwe vimenunuliwa kabla. Mtu aliyefungua gurudumu ndipo akagundua linki aliyonunua si ya gari lake huwa mnyonge kuliko aliyefilisika.

Siku moja kabla, lipeleke gari kinamba, kwa waosha magari, lioshwe chini. Udongo mwekundu ukikauka huficha kila kitu: mafuta yanayovuja, raba iliyochanika, nati iliyolegea. Tena ukilala chali chini ya gari chafu, udongo huo utakuingia machoni wakati mikono yako yote miwili inashika kitu kizito.

Vifaa ni vichache, ila kimoja hakina mbadala. Unahitaji jeki ya magurudumu, ile ya kulala, yenye kubeba walau tani mbili. Unahitaji soketi namba 14, 17, 19 na 21, ya mwisho hiyo kwa nati za magurudumu ya Toyota. Unahitaji spana za pete namba 14 na 17, alanki namba 5 na 6, mtaimbo mdogo, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, tochi ya kichwani, na spana ya toki ukiipata kwa kununua au kuazima. Na unahitaji stendi mbili za chuma. Stendi ndizo nilizosema hazina mbadala. Naomba nikae hapa kidogo.

Kuna mtu anaitwa fundi wa tofali. Yuko kila mtaa. Anainua gari kwa jeki ndogo iliyokuja nalo, ile ya kubadilishia tairi njiani, anasukumiza tofali la kuchoma chini ya kingo ya mlango, anapiga ngumi bodi kuonyesha imara, kisha anaingiza kichwa. Jamani, tofali linabeba nyumba kwa sababu uzito wa ukuta umetandazwa juu yake lote. Ukingo wa bodi ya gari ni ncha ya chuma. Unakandamiza mstari mmoja mwembamba. Tofali halipindi likakuonya, halilii, halitoi ufa ukauona. Linapasuka, mara moja, na tani moja ya Toyota inashuka. Bloku la saruji lenye matundu ni baya zaidi. Na jeki, hata iliyo nzuri, ni chombo cha kuinulia, wala si cha kushikilia. Mpira mmoja wa ndani ukichoka mafuta yanarudi na gari linashuka. Anayeweka kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hana ujasiri wowote wa kusifiwa. Hospitali ya Kibagabaga iko karibu, lakini ina wagonjwa wa kutosha bila yeye kujiongeza.

Basi fanya hivi. Vuta hendibreki mpaka mwisho. Weka mawe makubwa au vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Usisahau jambo hili ambalo hata wenye leseni ya miaka mingi hawalijui: kwenye gari linalovuta kwa mbele, kuweka gia ya P kunafunga magurudumu ya mbele tu. Ukishayainua yale ya mbele, P haishikilii kitu. Kinacholizuia gari ni hendibreki na yale mawe. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua, nusu mzunguko tu. Inua kwa jeki pale katikati mbele kwenye fremu, weka stendi chini ya kingo ya kila upande penye alama mbili zilizochongwa, shusha gari taratibu likae. Kama ua wako ni wa pave, tanguliza kipande cha ubao mgumu chini ya kila stendi, kwa sababu pave iliyotengenezwa vibaya huzama. Kisha lisukume gari kwa nguvu zako zote, mbele na pembeni. Likitikisika kwenye stendi, heri litikisike sasa. Magurudumu uliyoyatoa yalaze chini ya bodi, moja kila upande. Ikitokea yote yameshindwa, rimu itakuachia nafasi ya kupumua.

Hapo umekwisha kufanya kazi kubwa kuliko zote za siku hiyo, na bado hujagusa nati hata moja ya saspensheni.

Lakini kabla ya kuinua kulikuwa na kusikiliza, na hapa ndipo mwenye gari anamshinda fundi yeyote wa gereji. Fundi analisikia gari lako kwa dakika tano. Wewe unalisikia kila siku. Mpe usukani mtu mwenye leseni, shemeji aliyekuja kula chakula cha mchana anafaa, mwambie apite taratibu kwenye mawe huku wewe ukitembea pembeni, sikio karibu na gurudumu. Ko-ko-ko nyepesi na ya haraka kwenye mawe, gari likienda pole, mara nyingi ni linki ya stabilaiza. Pigo moja zito, du, unapofunga breki au unapoanza kurudi nyuma, ni bushi ya amu ya chini, hasa ile ya nyuma. Mlio wa springi kujivuta unapokata usukani gari likiwa limesimama ni mauntingi ya juu ya shokapu, beringi yake imekauka. Gari linaloendelea kuyumba baada ya kupita tuta, linaloinamisha pua kila ukigusa breki, linakudai shokapu.

Wapo wanaoamini kipimo cha boneti: unabonyeza pembe ya gari, unaachia, unahesabu linaruka mara ngapi, unatikisa kichwa kwa hekima. Kipimo hicho humkamata marehemu tu. Shokapu iliyobaki na nusu ya nguvu yake itafaulu kipimo cha boneti na itafeli kwenye barabara ya mawe. Bora utazame. Unyevunyevu mwembamba wa mafuta karibu na sili ya juu si ugonjwa. Mafuta yaliyoshuka mpaka nusu ya silinda, yamekamata vumbi yakawa tope jeusi, hiyo shokapu imekwisha.

Gari likiwa juu ya stendi, magurudumu ukiwa hujayatoa bado, shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni boljointi. Kisha shika kushoto na kulia: mchezo hapo ni tairodi endi au reki endi. Chomeka mtaimbo kati ya amu ya chini na chuma kinachoshika gurudumu, nyanyua kidogo kidogo huku mwenzako akimulika tochi. Boljointi nzima haionyeshi mwanya. Tazama pia buti, ile raba ndogo inayofunika boljointi. Ikichanika kwa upana wa kucha tu, vumbi la Kibagabaga litaingia msimu wa kiangazi, maji yataingia msimu wa mvua, na grisi ya ndani itageuka msasa. Andika kila ulichokiona kwenye daftari, pamoja na tarehe na kilomita. Gari lenye daftari halidanganywi gereji.

Sasa tubadilishe kitu. Anza na linki ya stabilaiza, kwa sababu ndiyo inayokufa mara nyingi kwenye mawe, ndiyo rahisi kuibadilisha, na ndiyo inayotoa kelele nyingi kuliko thamani yake. Ni fimbo fupi, kichwa cha mpira juu na kichwa cha mpira chini, inayounganisha fimbo ndefu ya stabilaiza na shokapu. Ukitoa gurudumu utaiona mbele ya macho yako.

Sugua nyuzi za nati kwa brashi ya waya, nyunyizia mafuta ya kulegeza, nenda ukanywe chai. Nasisitiza chai. Asiye na subira huvamia nati ikiwa kavu, na nati kavu hulewa: kona zake zinaviringika, spana inateleza, kidole kinagonga diski. Ukirudi, chomeka alanki kwenye tundu la katikati ya bolti ili kuizuia, na spana ya pete, 14 au 17 kulingana na gari, kwenye nati. Alanki inashika, spana inazunguka. Bila alanki, mpira wa ndani utazunguka pamoja na nati nawe utazunguka nao mpaka jioni. Alanki ikikataa kwa kutu, usione aibu kukata ile nati kwa msumeno wa chuma. Linki inakwenda kutupwa.

Kuna siri moja hapa. Magurudumu yote mawili ya mbele lazima yawe yananing'inia, au yote mawili yawe yamekanyaga. Ukiinua upande mmoja tu, fimbo ya stabilaiza inajikunja, linki inabanwa, na bolti haitoki wala mpya haiingii. Nimewaona watu wanapiga nyundo bolti ya linki kwa hasira hali dawa yake ilikuwa kuinua upande wa pili. Badilisha linki zote mbili, kulia na kushoto. Zilizaliwa siku moja, zimepita mawe yaleyale.

Ukimaliza linki, mikono imepata moyo, na moyo huo unaipeleka kwenye bushi za amu ya chini. Hapa kazi inakuwa nzito zaidi, lakini inawezekana nyumbani kwa sharti kwamba ununue amu kamili yenye bushi zake. Kutoa bushi kwenye amu na kuingiza nyingine kunataka mashine ya kushindilia. Nyundo na soketi kubwa huharibu bushi mpya kabla haijaonja barabara.

Bushi ina raba iliyogandishwa kwenye bomba la chuma la katikati. Bolti ikikazwa, bomba hilo linafungwa kwenye fremu halizunguki tena, na amu inapopanda na kushuka ni raba inayojikunja. Ukikaza bolti hiyo huku gurudumu likining'inia, umeifunga raba katika hali ya kuning'inia. Utakaposhusha gari, amu itapanda, na raba itabaki imekamuliwa kama nguo mbichi, usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Itachanika mapema sana, na wewe utamlaumu muuzaji. Kwa hiyo ingiza bolti zote, zikaze kwa mkono tu. Kisha weka jeki chini ya amu karibu na boljointi, nyanyua mpaka gari lianze kujiinua kidogo kwenye stendi. Hapo amu iko pale itakapokaa barabarani. Sasa kaza. Mafundi wengi wanaijua kanuni hii na wanairuka, kwa kuwa inataka dakika tano za ziada na mteja amesimama pembeni anatazama saa. Wewe hutazami saa. Ndiyo faida ya kutengeneza nyumbani.

Tunafika kwenye shokapu ya mbele, na hapa nakuomba uniamini. Kwenye magari mengi ya kawaida, Corolla mojawapo, springi na shokapu za mbele ni kitu kimoja kilichosimama wima. Mpango huo una jina la Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani, na uliingia kwenye magari ya Ford ya Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Unapendwa kwa sababu hauli nafasi. Lakini springi yake imebanwa hata gari likiwa juu ya stendi, na kinachoizuia isifumke ni nati moja ya katikati, juu kabisa, ndani ya boneti. Ukiizungusha nati hiyo kabla springi haijabanwa na kifaa chake, inafumka, na kilicho mbele yake kinaondoka nayo. Kama uso wako uko pale, ni uso wako.

Basi gawanya kazi. Kutoa shokapu nzima kwenye gari ni kazi yako: weka alama ya rangi kwenye bolti mbili kubwa za chini na mahali zilipokaa, zifungue, toa linki ya stabilaiza, kishikizo cha bomba la breki na waya wa ABS, mwisho fungua nati tatu za juu zilizozunguka duara, huku ukiishika shokapu kwa mkono mwingine isidondoke. Ile ya katikati usiiguse. Usiache chuma cha gurudumu kining'inie kwenye bomba la breki. Kifunge kwa waya. Kisha beba shokapu zote mbili, zipeleke gereji yenye mashine ya kubania springi iliyofungwa ukutani, wakubadilishie. Vile vibanio viwili vya mkono vinavyoazimwa mtaani, vyenye ndoano zilizoviringika, viache kwa mwenyewe.

Vipuri vyenyewe utavipata Gatsata, na kule sema amorutiseri kwa shokapu, rotuli kwa boljointi, okazi kwa kitu kilichotumika. Mazungumzo huenda hivi:

"Shefu, hii okazi ya Japani, haijatembea."

"Kijana wangu, kama haijatembea, buti imechanikaje?"

Shokapu ya okazi inunue tu kama umekosa kabisa, na uipime palepale: isimamishe, bonyeza fimbo taratibu hadi chini, ivute. Inatakiwa ikubishie mwendo wote bila kuruka mahali. Ukikuta sehemu inateremka bure, mrudishie. Kulia na kushoto hazifanani. Kwa Toyota, namba ya shokapu ya mbele kulia huanza na 48510 na ya kushoto 48520. Angalizo jingine: sisi tunatumia usukani wa kushoto, na vipuri vingi vya Japani vimetoka kwenye magari ya usukani wa kulia. Shokapu na linki mara nyingi zinaingiliana. Reki ya usukani haiingiliani, usikubali kushawishiwa.

Kuna madaktari wa kienyeji wa saspensheni, na hao siwaachi. Wa kwanza anatoboa shokapu iliyokufa, anaijaza mafuta, anachomelea tundu. Amesahau kwamba shokapu nyingi za leo zina gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa ndani, na kwamba joto la kuchomelea linaipika sili iliyokuwa imechoka tayari. Ukitoka kwake gari linakuwa gumu kwa siku chache, unafurahi, unamsifu, kisha mafuta yanarudi yalikotoka. Wa pili anauza pete za raba za kuchomeka katikati ya springi ili gari linyanyuke. Gari linanyanyuka kweli. Springi iliyotengenezwa ifanye kazi kwa urefu wake wote sasa inafanya kazi kwa kipande, na kipande hicho ndicho kitakachokatika. Wa tatu anachonga bushi kutoka kwenye tairi kuukuu. Raba ya tairi haikugandishwa kwenye chuma chochote. Inachezacheza, inalika, na tundu la amu linapanuka mpaka hata bushi halisi haikai tena. Wote watatu ni rahisi kwa bei siku ya kwanza. Hesabu mpaka siku ya sitini.

Mafuta yaliyovuja kutoka shokapu kuukuu yakusanye kwenye chupa uipeleke gereji inayokusanya mafuta machafu. Usiyamwage mtaroni. Mitaro ya kilima hiki inashuka mabondeni, maji yanaishia Nyabugogo na kisha Nyabarongo, na kuna watu wanaoyategemea.

Kufunga kunakwenda kinyume cha kufungua. Nati za gurudumu zikaze kwa kuvuka, moja na ile iliyo mkabala nayo, kisha shusha gari ndipo umalizie. Kwa magari mengi madogo ya Toyota ni nyutoni-mita 103. Usisimame juu ya spana kwa miguu miwili, maana siku ya pancha njiani mkeo au mwanao hataweza kuzifungua. Zunguka mtaani polepole, redio ikiwa imezimwa. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikaze tena.

Ukifungua shokapu, amu au tairodi, lazima ukafanye paralelisimu, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, wiki hiyohiyo, kabla hujalipeleka gari kwenye ukaguzi wa Polisi. Zile alama za rangi ulizoweka zitakufikisha huko salama, lakini hazitoshi. Na anayeazima shokapu za rafiki ili apite ukaguzi, kisha akarudisha zake mbovu jioni, amemdanganya nani? Mashine ya ukaguzi haipandi naye Kibagabaga mvua ikinyesha.

Kama una fedha ya kitu kimoja tu mwezi huu, usinunue shokapu. Nunua stendi mbili.